Nyama ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi Devotha alikuwa mteja wa kwanza kwenye bucha la pale Bigwa, Morogoro. Hakutaka steki, wala mifupa ya supu. Alitaka shingo, ile nyama ngumu yenye mishipa ambayo akina mama wengine huisukuma pembeni kwa kidole.

"Wenzio wanaikimbia hii, Mama Cecilia," muuza nyama alimwambia huku akinoa kisu.

"Wenzangu hawana sufuria yangu."

Sufuria yenyewe ilikuwa ya umeme, nzito kama jiwe la kusagia, na mfuniko wake wa kioo. Ilijua kazi moja tu: kupika polepole. Devotha alikuwa akikata nyama vipande vikubwa, anaipaka chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, anaitandikia vitunguu maji chini na nyanya juu, anamwagia siki kidogo na maji ya kikombe, kisha anafunika na kuwasha. Baada ya hapo alikwenda zake bustanini, akafua, akafagia uwanja, akasuka nywele. Jioni alipofunua, nyama ilikuwa imejiachia yenyewe. Aliivuta kwa uma mbili ikachanika nyuzi nyuzi, akaichanganya na rojo lake, akaijaza kwenye skonzi zilizopasuliwa katikati pamoja na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na pilipili kidogo. Basi, chakula cha jioni tayari. Mumewe Thobias, aliyekuwa fundi mitambo kwenye shamba la miwa na kurudi nyumbani mwisho wa juma tu, alikula tatu bila kunyanyua kichwa. Binti yao Cecilia alikula mbili, akalamba vidole.

Nyumba nzima ilinukia tangu saa nne asubuhi. Harufu ilitoka jikoni, ikapita ukumbini, ikaingia chumba cha mwisho, ambacho mlango wake siku za Jumamosi Devotha aliuacha wazi. Siku nyingine aliufunga.

Ndani ya chumba hicho alilala mama mkwe wake, Veronika.

Bibi huyo alipigwa na kiharusi akiwa anasuka mkeka barazani kwake Mafiga. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu. Ulimi nao ukafa, isipokuwa sauti moja tu, "ee," ambayo aliitumia kwa kila kitu: kiu, maumivu, hasira, salamu. Meno yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Lakini akili ilikuwa timamu na macho yalikuwa mazima. Ukiingia chumbani alikutazama kuanzia miguuni mpaka utosini, kama alivyokuwa akiwatazama watu zamani, alipokuwa bado na maneno ya kuwapa.

Sufuria ile ilikuwa yake. Binti yake Winfrida, wifi yake Devotha, aliinunua Dar es Salaam na kuituma kwa basi, akapiga simu siku hiyo hiyo. "Wifi, mama hana meno. Humo nyama inalainika mpaka mtoto mchanga anaweza kula. Mpikie kila ukipata nafasi, tafadhali."

"Usijali, wifi," Devotha alijibu. "Nitampikia."

Akapika kweli. Ila Mama Veronika hakupata hata unyuzi mmoja. Yeye alipewa uji. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji, na Jumamosi uji wenye kunuka nyama ya watu wengine.

Siku walipomtoa hospitali, daktari alieleza vizuri. Alisema mgonjwa anameza bila shida, apewe chakula laini chenye nguvu, ndizi zilizopondwa, maharage, mayai, nyama iliyochambuliwa. Devotha aliyasikia. Thobias naye aliyasikia, maana alikuwa amesimama palepale kitandani, kofia mkononi, anaitikia kwa kichwa. Lakini Jumamosi ya kwanza ya sufuria mpya, alipokwisha kuumega mkate wake, aliuliza, "Mama amekula?"

"Amekunywa uji."

"Na nyama?"

"Si daktari alikataza nyama?" Devotha alisema, macho yake yakiwa kwenye sahani.

Thobias aliacha kutafuna. Akamtazama mkewe, akautazama mlango wa chumba cha mwisho ulioachwa wazi. Kutoka kule ilisikika "ee," fupi, kama ya mtu anayeitwa na kuitika. Thobias akameza, akanyoosha mkono, akachukua skonzi ya pili.

Tangu hapo hakuuliza tena.

Ukimwona Devotha njiani usingesema ana moyo wa namna hiyo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya pili nzuri. Mtaani akifiwa mtu, alikuwa wa kwanza kufika na ndoo ya maji. Lakini kwa Mama Veronika alikuwa na deni la moyoni ambalo pale Bigwa hakuwahi kumsimulia mtu, na deni hilo lilianzia Mafiga.

Devotha alizaliwa Nyandira, huko juu Mgeta, ambako watu hulima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta yanayopanda mlima kama ngazi. Baba yake, mzee Petro, alikuwa mkulima na katekista wa kigango. Thobias alimwona Devotha sokoni Morogoro akiuza karoti na baba yake, akampenda, akamwoa, akampeleka kwa mama yake Mafiga. Mama Veronika alikuwa mjane aliyekuja kutoka Songea na mumewe zama za viwanda. Alijenga nyumba yake kwa jasho lake mwenyewe, na hakuwa amepanga kumpokea humo msichana wa mlimani mwenye matope kwenye kucha.

"Umezaliwa kwenye kabichi," alimwambia wiki ya kwanza, akimnyang'anya upawa. "Nyama utaijulia wapi?"

Ikawa hivyo. Nyama ilipopikwa, Mama Veronika alipakua mwenyewe. Thobias vipande, Winfrida vipande, mgeni vipande, Devotha mchuzi. Hata alipokuwa mjamzito, roho ikimwuma kwa hamu ya nyama mpaka mate yanamjaa, alipakuliwa mchuzi. Siku moja aliiba kipande kwenye sufuria, akakitia mdomoni kikiwa cha moto. Mama mkwe akamkuta. Hakumpiga. Alimkamata taya kwa vidole, akalibonyeza mpaka kinywa kikafunguka, kipande kikaanguka sakafuni. Kuku akakidonoa. Winfrida, wakati huo msichana, alikuwa amekaa mlangoni, akacheka.

Yote hayo Devotha angeyasahau. Wanawake wengi wamesahau makubwa kuliko hayo. Kuna moja hakuweza.

Ilikuwa siku ya sherehe ya kumuaga Winfrida, anakwenda kuolewa Dar es Salaam. Wageni walialikwa kama utitiri. Devotha aliamka giza halijatoka, akawasha mafiga uwanjani, akachambua mchele, akapika pilau, akapika nyama, akakaanga ndizi, mgongo unamuuma, macho mekundu kwa moshi. Siku zile simu ilikuwa moja tu nyumbani pale, ya Mama Veronika, na ilining'inia shingoni mwake kwa kamba. Asubuhi ile iliita. Mama Veronika akajitenga, akasikiliza, akasema, "Haya, nimesikia, poleni." Akairudisha kifuani. Akaja mpaka kwenye moto, akaonja pilau, akasema chumvi haijatosha.

Sherehe ikafana. Watu wakala, wakacheza, wakaondoka. Devotha akaosha masufuria yote, akayalaza chali juani ambako jua lenyewe lilikuwa linakwisha. Ndipo mama mkwe alipomjia, amevua viatu, amechoka.

"Devotha, asubuhi walipiga simu kutoka kwenu. Baba yako amefariki jana. Wamemzika leo alasiri."

Devotha alidhani hakusikia vizuri. "Wamemzika?"

"Leo alasiri."

"Mama, mbona hukuniambia? Gari la mboga lilikuwa linapanda asubuhi. Ningewahi!"

"Ningekwambia asubuhi, nani angepika?" alisema Mama Veronika. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto angelielewa. Kisha akaingia ndani kulala.

Devotha alipofika Nyandira keshoye, alikuta udongo mwekundu umeshaanza kukauka, na shada la maua ya kabichi ambalo wadogo zake waliliweka kwa kukosa lingine. Ndugu zake walimpokea kwa kimya. Walikuwa wamekwishaamua kwamba ameringa, kwamba mji umemla. Aliwaeleza. Hakuna aliyemwamini. Nani anaweza kuamini jambo kama hilo?

Miaka ikapita. Thobias akapata kiwanja Bigwa, wakajenga, wakahama. Cecilia akazaliwa baada ya mimba mbili kuharibika. Mama Veronika akabaki Mafiga na ukali wake. Devotha alimtembelea sikukuu, akampigia magoti, akamwambia shikamoo mama, akamletea njegere. Na alipoletewa yule bibi nyumbani kwake Bigwa, amebebwa na wanaume wawili kama gunia, mdomo umepinda, Devotha alimtandikia kitanda, akamfunika shuka, akasimama kumwangalia. Akahisi kitu kinatulia ndani yake, kama sufuria inayoanza kuchemka kimya kimya kabla ya mapovu.

Alimtunza kwa usafi. Hapo hakuna aliyeweza kumsema. Alimwogesha, alimbadilisha nguo, alimpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Kwa kumgeuza alisaidiwa na jirani yake, Bi Zuhura, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kwake kila alfajiri. Bi Zuhura alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo usiojua kuzungukazunguka.

"Mama wa watu anakonda," alisema siku moja wakiwa wamemgeuza. "Mbavu hizi, unaweza kuzihesabu. Anakula nini?"

"Uji."

"Uji tu? Mbona kwako kila Jumamosi kunanukia mpaka kwangu?"

"Daktari amekataza, Bi Zuhura. Anaweza kupaliwa."

Mama Veronika, uso ukiwa umeelekea ukutani, alisema, "Ee. Ee. Ee."

"Anasemaje?" Bi Zuhura aliuliza.

"Hasemi kitu," Devotha alijibu, akamvutia shuka mpaka shingoni.

Na Winfrida alipopiga simu, mara nyingi siku hizo hizo za Jumamosi, Devotha alikwenda kuipokelea chumbani, mbele ya mgonjwa. "Anakula, wifi. Anakula vizuri mno. Leo nimempikia nyama, nimeichambua, imelainika kabisa. Anakusalimia." Huku akimtazama mama mkwe machoni, na mama mkwe akimtazama. Kisha akakata simu, akaleta bakuli la uji.

Mama Veronika aliunywa. Aliunywa wote, kijiko baada ya kijiko, bila kumwondolea macho. Hakulia. Pengine angelia, Devotha angechoka mapema.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja ya masika. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba ya jirani, na Thobias alikuwa amepiga simu kwamba barabara imeharibika, hatakuja mpaka kesho. Devotha alitengeneza skonzi mbili, akampa Cecilia, akatoka kwenda kuanua nguo zilizokuwa zimelowa tena kambani. Aliporudi, ukumbini hapakuwa na mtu. Akasikia sauti ya binti yake chumba cha mwisho, sauti ndogo ya kubembeleza.

Akaenda mpaka mlangoni.

Cecilia, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu kabisa na kitanda. Mkononi ana skonzi. Akaisogeza mpaka kwenye midomo ya bibi yake. Midomo ya bibi ikafunguka. Cecilia akairudisha, akang'ata yeye, akatafuna kinywa wazi.

"Tamu, bibi," alisema. "Unataka? Sema nataka. Sema, basi."

"Ee," alisema Mama Veronika.

"Hapana, siyo ee. Sema *nataka*."

Akasogeza tena. Midomo ikafunguka tena. Na tena akairudisha, akacheka, rojo likimtiririka kidevuni. Shingo ya bibi ilikuwa imenyooka mbele kama ya kifaranga.

Devotha alisimama. Kitu cha kwanza alichohisi, Mungu anajua, kilikuwa utamu. Ulimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno. Kisha Cecilia akageuza kichwa, akamwona mama yake, na hakushtuka. Hakuficha hata mkate. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyekutwa akifanya kazi ya nyumbani bila kutumwa, anayengoja kusifiwa.

Hapo utamu ukamkauka Devotha kinywani. Aliingia, akamnasa mwanawe kibao, skonzi ikaruka mpaka ukutani.

"Kwani nimefanya nini?" Cecilia alilia. "Si wewe humpi? Si wewe unamwachia mlango wazi asikie harufu?"

Akatoka mbio. Devotha akabaki na mama mkwe wake, na nyuzi za nyama zimetapakaa sakafuni. Mama Veronika alikuwa amerudisha kichwa kwenye mto. Alimtazama mkwewe kwa macho yaleyale makavu.

Devotha alikwenda jikoni. Akachota nyama kwenye sufuria, ile laini kabisa ya katikati, akaiponda kwa kijiko pamoja na mkate na rojo mpaka ikawa kama chakula cha mtoto. Akarudi, akakaa kwenye kile kiti, akapuliza kijiko.

"Mama, chukua. Kula."

Mama Veronika alifunga mdomo.

"Ni nyama, mama. Siyo uji. Kula."

Upande wa uso uliokuwa hai ulikaza. Midomo ikawa mstari mmoja. Devotha akagusa midomo kwa ncha ya kijiko. Rojo likashuka kidevuni, likaingia shingoni. Bibi hakufungua. Akauinua ule mkono wa kushoto, mzima, uliokonda kama kuni, akausukuma mkono wa Devotha. Hakuusukuma kwa nguvu. Aliuondoa tu, kama mtu anavyoondoa nzi.

Jioni hiyo alikataa hata uji.

Kesho yake asubuhi Devotha alikwenda kwa Bi Zuhura. Hakuwa na uso wa kueleza, akaeleza nusu. "Bi Zuhura, daktari amesema sasa anaweza kula nyama. Lakini kwangu anakataa. Naomba ukamjaribu wewe."

Bi Zuhura akafuta mikono kwenye kanga. Akaingia chumbani, akasema, "Shikamoo mama, nimekuletea chakula." Akamwinua kichwa kwa mkono mmoja. Mama Veronika akafungua kinywa. Akala. Alikula sahani nzima, bila kupaliwa, bila kukohoa, akameza kama mtu aliyekuwa akila nyama jana na juzi. Kila baada ya kijiko alisema "ee", laini. Machozi yakamtoka upande mmoja tu wa uso, ule mzima.

Bi Zuhura alipotoka na sahani tupu, alimkuta Devotha amesimama ukumbini.

"Daktari wako huyo," alisema, "Mungu amsamehe."

Ikawa ndiyo desturi. Devotha alipika, si Jumamosi tu, kila siku aliyoweza. Nyama, ndizi za kuponda, mayai, mtori. Akapakua, akabeba sahani mpaka mlangoni pa chumba, akampa Bi Zuhura. Bi Zuhura akaingia, akalisha. Kutoka mkononi mwa Devotha bibi hakupokea tena kitu, isipokuwa maji. Thobias aliporudi na kukuta utaratibu huo, alikula skonzi zake kama kawaida. Mama Veronika akaanza kunenepa mashavu. Devotha akaanza kulala vizuri kidogo, akaona pengine yamekwisha.

Kisha binti yake Bi Zuhura, aliyeolewa Mikese, akajifungua kwa kupasuliwa. Bi Zuhura akafunga biashara yake ya vitumbua, akatia kanga mbili kwenye mfuko.

"Nikirudi nitarudi," alimwambia Devotha. "Siwezi kumwacha mwanangu na kidonda na kichanga. Mlishe mwenyewe. Njaa ikimbana atakula."

Njaa ikambana, hakula.

Siku ya kwanza Devotha alibembeleza. Siku ya pili alimwita Cecilia amlishe bibi yake, lakini bibi alipomwona mtoto yule anashika kijiko, akafumba macho kabisa, na Cecilia akatoka analia. Alimwita mama mmoja wa jumuiya. Mama Veronika alimpokelea vijiko viwili, lakini yule mama alikuwa na kazi zake, hakuweza kuja tena. Devotha akampigia mumewe kazini.

"Mama hali. Siku ya tatu leo."

"Mlazimishe," alisema Thobias. Nyuma yake mitambo ilinguruma. "Mfungue mdomo umtilie."

"Siwezi kumfanya hivyo."

"Basi subiri Jumamosi nije."

Devotha alirudi chumbani na bakuli, akapiga magoti sakafuni mpaka uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa.

"Mama," alisema, "najua. Nimekutesa, najua. Nilikuwa nakunusisha harufu makusudi. Nilimdanganya Winfrida mbele yako makusudi. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini kula. Unichukie na tumbo likiwa limejaa, mama."

Mama Veronika alisikiliza mpaka mwisho. Upande mmoja wa mdomo ukapanda juu. Devotha alilijua tabasamu hilo; alikuwa amelipikia pilau na kulioshea vyombo miaka mingi. Kisha midomo ikajifunga.

Akampeleka hospitali kwa bajaji, amemkumbatia asidondoke. Wakamtundikia dripu. Wauguzi wakajitahidi, lakini mapafu yalikuwa yameshaingiwa na homa na mwili haukuwa na akiba. Akafa alfajiri, Devotha akiwa amekwenda nje kuchota maji ya kumpangusa.

Msiba uliwekwa Bigwa. Winfrida alifika kutoka Dar es Salaam kabla ya maturubai kufungwa. Aliufunua uso wa mama yake, akaushika mkono, akauzungushia kidole gumba na cha shahada juu ya kiwiko, vikakutana.

"Mbona amekuwa hivi?" aliuliza. "Wifi, si ulisema anakula?"

"Alikuwa anakula," Devotha alisema. "Siku hizi za mwisho alikataa."

"Alikuwa anakunywa uji," ilisema sauti nyuma. Alikuwa Cecilia, amesimama na binamu zake, kitambaa cheusi kichwani. "Miezi yote uji. Mama alisema daktari amekataza. Nyama tulikuwa tunakula sisi."

Alisema hivyo, na hapo akaishia. Juu ya ile Jumamosi ya ukungu hakusema, na Devotha hakumsemea.

Winfrida akamgeukia kaka yake. "Thobias. Ulijua?"

Devotha naye akamgeukia. Alimngoja. Alijua kwamba neno moja la mumewe lisingemwokoa, ila angalau wangesimama wawili.

Thobias alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi ni mtu wa Jumamosi tu," alisema. "Nilichoambiwa ndicho nilichojua. Aliniambia daktari amekataza."

"Ulikuwepo," Devotha alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ya hospitali ulikuwepo, Thobias."

Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama walikuwa wameshaanza kumzunguka Winfrida anayelia. Devotha alipokwenda uwanjani, kwenye masufuria makubwa ya chakula cha waombolezaji, akashika kisu ili akate vitunguu, mwenyekiti wa akina mama alikichukua mkononi mwake taratibu. "Wewe kaa, Mama Cecilia. Wewe kaa tu." Akakaa. Mtaa mzima ulipita mbele yake ukimpa pole kwa ncha za vidole.

Walimzika Mama Veronika makaburi ya Kola. Baada ya arobaini Winfrida alikuja tena, akamchukua Cecilia akasome Dar es Salaam. Thobias alikubali. Cecilia alipanda gari bila kugeuka. Sufuria nayo ilipakiwa. Winfrida aliitoa jikoni mwenyewe, akaifunga kwa shuka. Thobias akaanza kukosa Jumamosi moja, kisha mbili, na siku aliyokuja alikula kwa mama ntilie barabarani kabla ya kufika.

Mtaani hawakumtukana. Walikuwa wakiitikia salamu yake, wakimaliza kuitikia wanaingia ndani. Walisema amemuua mkwewe kwa njaa, na jambo lililomkata maini Devotha ni kwamba ile njaa aliyoipika yeye, ile ya uji, bibi aliishi nayo. Iliyomuua ni ile aliyoikataa mwenyewe, huku Devotha amepiga magoti. Lakini hayo angemwambia nani?

Bi Zuhura alirudi kutoka Mikese na mjukuu mgongoni. Devotha alimkuta barazani asubuhi, anakoroga unga wa vitumbua.

"Bi Zuhura, shikamoo."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Bi Zuhura, waambie," Devotha alisema. "Wewe wanakusikiliza. Waambie nilikuwa nampikia. Waambie mwishoni nilimbembeleza, nilipiga magoti, akakataa mwenyewe."

Bi Zuhura alikoroga. Mjukuu alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Kwamba ulikuwa unampikia, hilo nimeliona, na nikiulizwa nitalisema," alijibu. "Na uji niliuona, nalo nikiulizwa nitalisema. Lakini hayo ya magoti, mwenzangu, mimi nilikuwa Mikese. Nitaapaje kwa nisichokiona?"

Akamwaga unga kwenye mafuta. Vitumbua vikaanza kulia kikaangoni. Devotha akasimama pale kitambo kirefu, wateja wakaja, wakamzunguka, wakanunua, wakaondoka.